Malalamiko ya Bibi Harusi Aliyekatiwa Tiketi ya Ziara Fupi

Nyumba za Wafanyakazi,
Shamba la Ngano,
Hanang, Mkoa wa Arusha.
Juni 1986

Ndugu Msimamizi wa Tiketi,
Michoro ya Kale ya Miambani,
Kondoa.

YAH: KUPUNJWA HISTORIA SIKU YA FURAHA YETU

Ndugu Msimamizi,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, pokea salamu za kawaida na uendelee kusoma, maana jambo lenyewe ni zito.

Naitwa Fabiola Akonaay, mzaliwa wa Tlawi, Mbulu. Nimemaliza kidato cha nne, na katika somo la Historia niliwashinda wasichana wote wa darasa letu. Baada ya Pasaka nilifunga ndoa na Lukasi Gidabuday, mtoto wa Gendabi, dereva wa kombaini ya kuvunia ngano katika shamba hili. Najua hukuniuliza habari za Lukasi, lakini nitakueleza kidogo ili uelewe ukubwa wa hasara tuliyoipata. Lukasi ni mrefu, mpole, na anacheka kwa macho kabla mdomo haujafunguka. Akivua kofia baada ya kazi, nywele zake zinakuwa na makapi ya ngano, na mimi nikiyaona makapi hayo nasahau nilichokuwa nasema.

Nilikuwa nasema kuhusu tiketi.

Tunaishi katika nyumba ya chumba kimoja pamoja na mama mkwe wangu, Mama Natalia, na wifi yangu Letisia. Katikati ya chumba tumetundika pazia la magunia ya ngano. Ni nyumba ya furaha sana. Lukasi akitaka kuniambia jambo usiku, anakohoa kwanza kusafisha koo, na kutoka upande wa pili wa pazia Letisia anamwambia, "Pole, kaka." Basi jambo lenyewe linaahirishwa.

Kesho kutwa mavuno yanaanza. Yakianza, Lukasi anahamia kwenye kombaini, na mimi nitakuwa namwona kama vumbi linalotembea kule chini ya mlima. Ndiyo maana aliniahidi safari moja kabla ya mavuno, na mimi nikaomba kuona michoro ya kale, ambayo nimeitamani tangu mwalimu alipotuonyesha picha yake kidato cha pili. Tulipata nafasi katika lori la shamba lililokuwa linapeleka mbegu Kondoa. Kwetu mtu hasafiri kimya kimya kama aliyeiba mbuzi. Lukasi aliitangaza safari baada ya ibada, na lori likajaa: Mama Natalia, Letisia, nusu ya jumuiya yetu, na kwenye usukani Hermani, rafiki yake Lukasi, ambaye hakuna jambo asilolifanyia mzaha. Tuliimba mpaka Babati. Baada ya Babati tulikula vumbi.

Sasa yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Ubao wenu pale dirishani unataja ziara tatu. Ziara Fupi ni mwamba mmoja, ule wa chini kabisa. Ziara ya Kati ni miamba miwili. Ziara Ndefu ni miamba yote mpaka juu kileleni, pamoja na mwongozaji. Mimi na Lukasi tulipousoma ubao tulitazamana tu, tukawa tumeshachagua Ndefu. Sisi tukitazamana tunaelewana. Lakini ubao hausemi popote kwamba maharusi wana haki ya kuchagua ziara yao wenyewe. Huo ni upungufu mkubwa, na ndio uliozaa yote yaliyofuata.

2. Kabla Lukasi hajafungua mdomo, Mama Natalia alishafika dirishani. Huyu ni mama ambaye aliposhushwa kwenye lori alishika magoti yote mawili na kusema, "Yesu na Maria." Akamwambia dada yenu wa tiketi, "Sisi wote hapa, ndefu. Hawa wawili, fupi."

Dada yenu akashangaa, nampongeza kwa hilo. Akauliza, "Mama, si hawa ndio maharusi?"

"Ndio hao. Bibi harusi amechoka."

Ndugu Msimamizi, sikuwa nimechoka! Lakini kwa desturi yetu mke mpya hambishii mama mkwe mbele ya watu. Hata kumtazama usoni kwa muda mrefu si adabu. Nikatazama viatu vyangu vya harusi. Dada yenu akatazama viatu vyangu pia, akakata tiketi. Ofisi yenye msimamo ingeniuliza mwenyewe.

3. Hili linaniuma kuliko yote, kwa hiyo naliandika polepole. Tiketi ile inaonyesha mama mkwe wangu ananionaje. Yeye amekulia nyuma ya ng'ombe, ametembea bonde lote la Hanang kwa miguu. Labda anadhani sisi wa milimani Mbulu ni watu wa kukaa jikoni. Kule Tlawi, kuteka maji tu ni kushuka korongo na kulipanda tena na ndoo kichwani. Mimi naweza kupanda kilima chenu huku naimba. Tangu nimeolewa naamka wa kwanza, nachemsha chai, nakamua, nafagia, ili siku moja aseme, "Lukasi ameoa." Hajasema bado. Badala yake ametangaza mbele ya jumuiya nzima kwamba mimi ni mtu wa mwamba mmoja.

4. Ziara Fupi haina mwongozaji. Kijana wenu Patriki, ambaye nasikia anaeleza vizuri sana, aliondoka na kundi. Mimi na Lukasi tukabaki chini ya mwamba mkubwa mwekundu bila mtu wa kutueleza chochote. Ilibidi tujieleze wenyewe. Pale ukutani kuna watu wawili wembamba waliochorwa wameshikana mikono, na pembeni yao mnyama. Mimi nilisema mnyama ni pofu, yule swala mkubwa. Lukasi alisema ni kombaini. Kuhusu wale watu wawili hatukubishana, tulikubaliana ni sisi. Sasa je, hiyo ni elimu? Kama kungekuwa na mwongozaji angetusahihisha, na Lukasi asingepata nafasi ya kunishika mkono ili tulinganishe na mchoro. Tulilinganisha kwa muda mrefu sana, kwa sababu hakukuwa na wa kutuambia inatosha.

5. Hatukuachiwa hata mtu mmoja wa kutusaidia. Letisia alitaka kubaki nasi, yeye mwenyewe alisema, "Mimi nitakaa na wifi." Mama Natalia akamvuta kwa ncha ya khanga yake mpaka wakapotea kwenye miti. Kikapu cha chakula wakakisahau kwetu: kuku wa kuchoma, mkate wa unga wetu wenyewe, machungwa. Tukalazimika kula. Lukasi alinimenyea chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika, akanivisha kichwani kama taji. Nani alikuwepo wa kushuhudia? Hakuna. Hata ndege wa pale walikuwa na shughuli zao.

6. Jina la ziara si la kweli. Mliandika Fupi, na fupi haikuwa. Jua lilikuwa juu ya mwamba tulipokaa, na lilikuwa limeshuka nyuma ya mwamba kundi liliporudi. Katika muda huo Lukasi alinieleza maisha yake yote. Alinieleza jinsi baba yake alivyofariki yeye akiwa mdogo, na jinsi mama yake alivyouza ndama aliyempenda ili yeye asome. Alinieleza siku aliyoniona mara ya kwanza sokoni Mbulu, nikibishana na muuza vitunguu, na jinsi alivyonunua vitunguu vile vile ili asikie nilivyokuwa nasema. Tangu harusi alikuwa hajaniambia hata moja kati ya hayo. Na alikuwa hakohoi kabisa! Nilidhani mume wangu ana kifua, kumbe hewa ya Kondoa ni dawa. Mtu anayelipia ziara fupi na kupata mchana mzima ana haki ya kuelezwa mapema.

7. Sasa tazama matokeo. Wenzetu waliteremka kutoka juu wakiwa na habari za kuwatosha mwaka mzima. Hermani anawaambia watu kwenye karakana ya matrekta kwamba waliona twiga wengi mpaka akapoteza hesabu, na kila akiniona anasema, "Shemeji wa Fupi, hujambo? Twiga wanakusalimu." Bombani wanawake wakianza kuzungumza juu ya mwamba wa juu, mimi nainama kusugua sufuria ambayo ni safi. Mimi! Niliyefaulu Historia!

8. Na jambo hili halitaishia kwangu. Mungu akitujalia watoto, watakuja kuniuliza habari za watu wa kale, nami nitawaambia walikuwa wawili, wameshikana mikono, na walikula machungwa. Watoto hao watawafundisha wenzao. Shule nzima ya shamba itajua historia ya mwamba mmoja. Wakikua watakuwa walimu, mabwana shamba, pengine wabunge. Sisi hapa tunalilimia taifa zima ngano ya mkate, Ndugu Msimamizi. Taifa linalokula mkate wetu haliwezi kupewa historia nusu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa heshima na taadhima:

Kwanza, Ziara Fupi ifutwe, na ubao ukwanguliwe ili jina lake lisisomeke tena.

Pili, mama mkwe yeyote azuiwe kusimama mbele ya dirisha la tiketi, na akae kwenye lori mpaka maharusi wamalize kuchagua.

Tatu, kwa kuwa sisi hatuwezi kuja tena kabla ya mavuno, basi mwamba wa juu uletwe huku. Tela la ngano lipo na linabeba mzigo mkubwa. Lukasi ameangalia minyororo na anasema inafaa. Tutauweka kando ya kisima mpaka nimalize kuutazama, kisha tutaurudisha, tena ukiwa umeoshwa.

Nne, napenda ofisi yako imwandikie Mama Natalia, kwa lugha ya upole, kumweleza kwamba watu wa Tlawi wanaweza kupanda mlima. Mimi siwezi kumwambia. Wewe uko mbali.

Nisalimie dada wa dirishani, nisalimie kijana Patriki, msalimie na mlinzi aliyetuazima kopo la maji. Lukasi anakusalimu, Letisia anakusalimu, Mama Natalia hajui kama nakuandikia lakini angejua angekusalimu. Nasubiri jibu lako, na ikiwezekana mwamba.

Wako mlalamikaji mwaminifu,
Fabiola Akonaay (Bi. Lukasi Gidabuday)

Nyongeza: Ndugu Msimamizi, naandika hapa chini kwa sababu karatasi ndiyo ya mwisho na siwezi kuanza upya. Juzi nilikuwa nakoroga unga wa ngano kidogo nibandikie bahasha, Letisia akaisoma barua nyuma ya bega langu. Alicheka mpaka akakaa juu ya magunia. Nilipotaka kukasirika akaangalia mlangoni kama mama yake yuko karibu, akaninong'oneza:

"Wifi, mama hakuona hata twiga mmoja. Alifika mwamba wa pili tu, akakaa kwenye jiwe anashika magoti. Sisi tulikwenda juu, tukaona kila kitu, tukateremka. Akatuuliza, 'Mnakwenda wapi?' Tukasema tumemaliza. Akasema, 'Bado. Rudini mkatazame tena.' Tukarudi. Tukateremka tena. 'Bado.' Patriki aliishiwa maneno, akaanza kutueleza habari za ukoo wake. Twiga ni mmoja, wifi! Hermani anahesabu yule yule. Na mama alituapisha tusiseme, maana kwetu mama hazungumzi mambo ya faragha na mwanawe, na mkwe ndio kabisa."

Nilikaa na ule unga mkononi mpaka ukakauka.

Kwa hiyo tafadhali futa malalamiko yote, kuanzia la kwanza, na zaidi sana lile la tatu. Usimwandikie Mama Natalia chochote. Ubao usikwanguliwe. Mwamba ubaki ulipo. Maharusi wengine wakija na watu wengi, wakatieni Fupi hata wakilia.

Sisi tutakuja tena mavuno yakiisha. Naomba mtuwekee tiketi mbili za Ziara Fupi, na za wengine wote ziwe Ndefu. Mama hatahitaji kwenda mbali, atakaa pale pale kwenye jiwe lake la mwamba wa pili. Nimeanza kumshonea mto wa kukalia kwa kipande cha gunia kilichobaki kwenye pazia, na ndani nimejaza manyoya ya kondoo niliyotumiwa kutoka Tlawi. Ameniona nikishona. Sitamwambia ni wa nini, na yeye hataniuliza. Jana tu alipita nyuma yangu, akaubonyeza kwa kidole kimoja, akasema, "Ongeza manyoya."