Maswali Niliyomuuliza Mzee Jukwaani

Wapendwa, leo nimeaibika. Si ile aibu ya kuvaa blauzi ndani nje ukaambiwa na mtu mmoja kwenye ngazi. Hii ni ya ukumbi mzima, na maiki mkononi.

Kwa wasionijua, mimi ni Gatwiri, daktari wa familia kule Laare. Natibu kila mtu: kichanga mwenye mafua, shosho wa miaka themanini mwenye magoti mabovu, kijana aliyeanguka na boda akiwahisha miraa. Kila mwaka chama chetu cha madaktari wa mashambani huwa na mkutano mkuu. Safari hii tumekutana Embu, kwenye hoteli yenye zulia nene. Tunakuja kujifunza mapya, kuchagua viongozi na (tuseme ukweli) kula chakula ambacho hatukupika.

Mwaka huu nilipewa heshima. Nilitakiwa kuonyesha wenzangu, palepale jukwaani, jinsi ya kuzungumza na mgonjwa mzee. Yule anayekuja akisema "ni kichwa tu", kumbe kichwa ndicho kitu pekee kilicho kizima. Mgonjwa angekuwa mwigizaji wa kukodi kutoka hapo mjini. Tena mchana nilikuwa nawania ukatibu wa tawi letu, kwa hivyo maonyesho hayo ndiyo yalikuwa kampeni yangu. Nilisuka nywele upya. Nikafanya mazoezi na mume wangu akiigiza mgonjwa, hadi maskini akaanza kukohoa kweli.

Asubuhi Embu ilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Ratiba ilisema maombi kwanza, halafu mgeni wa heshima, halafu mimi. Lakini kabla hata hatujatulia, Daktari Njeru, aliyekuwa mfawidhi wa shughuli, akanijia mbio.

"Gatwiri, mgeni wa heshima amekwama njiani. Anza wewe, maombi tutafanya akifika."

"Na mgonjwa wangu?"

"Nimeambiwa mzee ashafika. Amekaa huko juu."

Nikatazama jukwaani. Kweli, mzee alikuwepo, amekaa kwenye kimoja cha vile viti viwili vilivyowekwa kwa ajili yangu. Koti la kijivu. Kofia ya sufu. Skafu imezungushwa shingoni hadi kidevuni. Anakohoa kidogo. Nikajiambia, leo chama kimepata mtu anayejua kazi yake.

Nikapanda. Nikawasalimu watu, nikageukia mgonjwa.

"Karibu sana, mzee wangu. Leo tukusaidie nini?"

Akanitazama. Akatazama ukumbi. Akatabasamu kwa upole. "Mimi? Mimi niko salama, mwanangu. Nimekuja kuwasaidia nyinyi."

Watu wakacheka. Nami nikafurahi. Mgonjwa anayekataa kuwa mgonjwa ndiye niliyejiandaa naye!

"Lakini nasikia unakohoa."

"Hiyo ni baridi ya Kianjokoma tu. Nimetoka huko mapema."

"Na usiku, unalala vizuri?"

"Si sana. Naamka."

"Kufanya nini?"

Akapunguza sauti. Nikamsogezea maiki. (Jamani, nilimsogezea maiki.)

"Kwenda haja ndogo," akasema, na spika zote zikarudia.

"Mara nyingi?"

"Wee, mwanangu. Siku zingine naona ni heri nihamishie kitanda huko."

Makofi! Madaktari walianza kutoa simu kurekodi. Nikamuuliza kuhusu kiu. Akasema anayo, tena ya ajabu. Nikamuuliza kuhusu sukari. Hapo macho yake yakakimbilia viti vya mbele, yakarudi.

"Sukari tuliacha nyumbani kwetu."

"Nyumbani umeacha. Na nje ya nyumbani?" (Swali hili nililipenda mwenyewe.)

Akashusha pumzi. "Unajua, mimi hutembelea watu wengi. Huwezi kukataa chai ya mtu. Wala mandazi. Halafu kuna soda naweka chini ya kiti cha gari. Ni ya dharura tu."

"Mama anajua?"

"Atajuaje?"

Kwenye safu ya mbele, mama mmoja mwenye kilemba cha buluu akanyanyuka nusu, akakaa tena. Nikadhani ni muuguzi aliyeguswa na somo.

"Sawa, mzee. Na mambo ya chumbani yanaendeleaje?"

Mzee akakohoa, na hicho kilikuwa kikohozi cha kweli. "Mwanangu. Hapa, mbele ya watu?"

Nikawageukia wenzangu kama mwalimu. "Mmeona? Hapa ndipo wengi wetu hukimbia. Msikimbie!" Nikamrudia. "Usione haya, mzee. Hii ni siri yetu sisi wawili."

Akajivutia skafu hadi puani. Nikaamua kumpa nafasi apumue, nisikilize kifua kwanza. "Hebu tufungue hiyo skafu."

Akaifungua polepole. Akafungua na vifungo vya koti. Ndani kulikuwa na shati la zambarau, kola nyeupe, na msalaba mkubwa kifuani.

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Mimi nilipiga makofi.

"Jamani! Hadi mavazi! Mpigieni makofi, amejifanya askofu!"

Hakuna aliyepiga. Nilisikia vijiko huko jikoni.

Mzee akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, sijajifanya. Nilisimikwa."

Kabla sijapata pa kujificha, mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo. Akaingia mwanamume amevaa koti lililochanika, ameegemea fimbo, anapiga mayowe. "Woi, daktari! Kichwa! Ni kichwa tu!" Akajibwaga kwenye zulia.

Huyo ndiye alikuwa mgonjwa wangu. Alikuwa amechelewa, akaona afidie kwa bidii. Madaktari kadhaa wakaruka viti kwenda kumwokoa. Mmoja alikuwa ashaanza kumfungua mkanda.

Nikamtazama Njeru. Alikuwa amejifunika uso na programu. Aliambiwa mzee ashafika, na kweli mzee wa maombi alikuwa ameshafika. Hakuuliza ni mzee yupi. Na mzee wa maombi, alipoona viti vitupu jukwaani, alikaa kama mgeni yeyote angekaa.

"Baba Askofu," nikasema, "naomba unisamehe."

"Ya nini? Watu huniomba niwaombee, basi. Hakuna anayeniuliza kama nalala."

Karibu nilie. Lakini yule mama wa kilemba alikuwa ashapanda jukwaani.

"Soda iko chini ya kiti gani?"

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Kiti gani, Baba Askofu?"

"Cha dereva."

Mama Askofu akanigeukia, akavuta kile kiti cha pili, akakaa. "Daktari, endelea. Ulikuwa umefika kwa mambo ya chumbani."

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Nimeona madaktari wazima, watu wanaoheshimika katika kaunti zao, wakilala juu ya meza kwa kicheko. Yule mgonjwa wa kuigiza alicheka akiwa chini.

Sikuendelea. Tuliwapeleka wote wawili kwenye chumba cha pembeni, tukampima sukari, na haikuwa ya mchezo. Tukazungumza vizuri, bila spika. Jumatatu anaanza kliniki. Soda imetolewa garini; Mama Askofu alisimamia zoezi hilo mwenyewe. Mgeni wa heshima alipofika, Baba Askofu akarudi jukwaani, akafanya maombi yaliyomleta, akasema, "Na uwape watumishi hawa macho ya kumtambua aliye mbele yao." Sijawahi kusikia madaktari wakiitikia amina kwa nguvu namna ile.

Mchana tulipiga kura. Au tuseme tulitaka kupiga. Mpinzani wangu alisimama, akajiondoa. Alisema hawezi kushindana na mtu aliyemfanya askofu aungame.

Kwa hivyo mimi ndiye katibu wenu mpya. Baba Askofu ameniruhusu niandike haya, mradi nisitaje ni soda gani.

Wakati wa chai, mkufunzi wetu mmoja mkongwe, ambaye kazi yake ilikuwa kutathmini maonyesho, alinisogelea. Nikajiandaa kwa mvua ya mawe.

"Ulisikiliza vizuri," akasema. "Ulikuwa mpole. Maswali yalikuwa mazuri. Umeruka hatua moja tu."

"Gani, daktari?"

"Ya kwanza."

Basi wenzangu, chekeni polepole, na kabla ya kumuuliza mtu anaamka mara ngapi usiku, muulizeni jina lake.