Watoto Watatu Nje ya Mstari

Jumatatu, 4 Agosti
Kahawa nne kabla ya saa tatu! Daktari Vesna, bosi wetu hapa ofisi ya afya, ametupa mimi na Noelene kazi moja: vumbi la madini ya risasi kiasi gani halitawadhuru watoto kwenye uwanja wao wa michezo, pale karibu na kiwanda cha kuyeyushia madini? Jibu bora litasomwa Ijumaa mbele ya wazazi. Litakuwa langu. Noelene ana miaka ishirini kazini na bado anatumia penseli.

Jumanne, 5 Agosti
Vipimo vya damu vya watoto mia mbili na kumi na wawili. Vumbi likizidi, risasi kwenye damu inapanda. Mstari wangu kwenye mchoro ungependeza, kama si watoto watatu. Vumbi kidogo kwao, damu juu kabisa! Nimewafuta. Sasa mstari umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi, na uwanja unaweza kubaki wazi. Noelene, kwa kiwango chake cha vumbi salama, hachukui hata namba ya katikati. Anachukua ya chini kabisa ambayo hesabu inairuhusu, kisha anaigawa kwa kumi. Nikamwambia huo ni uoga. Akakubali, kisha akauliza wale watatu wako wapi. Nikasema mashine ilikosea. Akaguna.

Jumatano, 6 Agosti
Kiti hakikaliki. Nimekwenda kutafuta kasoro za wale watatu. Nyumba ya kwanza, ya Raelene Tonkin. Nikamuuliza kama mwanawe anakula rangi ya ukutani. Akauliza kama mimi ndiye ninayeila. Mbwa akanichania suruali. Mtoto alikuwa chini barazani, analamba vidole. Nikajifanya sikuona.

Ijumaa, 8 Agosti
Balaa! Ukumbi umejaa, mstari wangu ukutani, Raelene akasimama. Barua ya ofisi kwa wazazi ilisema watoto mia mbili na kumi na wawili, mbona kwenye mchoro ni mia mbili na tisa? Nikaanza kueleza.
“Usinizungushe, kaka. Wangu ni mmoja wa uliowatupa?”
Nikaanza kuhesabu nukta za mchoro ukutani.
“Anaitwa Tahlia. Ana miaka mitatu, analamba kila kitu. Mrudishe kwenye hesabu yako.”
Noelene akainuka na karatasi yake ya penseli. Namba yake ni ndogo mara kumi na nne kuliko yangu, na ndiyo iliyopitishwa. Uwanja umefungwa. Udongo wote utachimbwa na kubadilishwa. Nilijisikia vibaya sana. Dakika nzima!

Jumatatu, 11 Agosti
Daktari Vesna kaniita. Kasema tunamlinda mtoto, hatulindi mstari. Nikaitikia kwa adabu zote. Kanipa maji ya visima vya mashambani, sampuli arobaini, Noelene ananisimamia. Sampuli mbili zinaharibu mchoro mzima. Nimezikodolea macho mchana kutwa, nikizunguka meza. Lakini kufuta, nimekoma! Zitabaki zilivyo. Nitaongeza tu themanini nzuri nitakazojichagulia mwenyewe, zizifunike hizo mbili.