Maître na Kodi ya Kentucky

Zihindula aliiona bahasha kabla hajaiona chai. Ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya mawese, jikoni kwa Mama Nzigire huko North Buffalo, na juu yake imeandikwa Kentucky. Moyo ukamruka kwa furaha: barua za namna hiyo ndizo zilizokuwa zikimlisha.

Louisville, hukohuko Kentucky, walimjua kama Ingénieur, yaani mhandisi. Columbus alikuwa Docteur, mpaka alipopanda basi la alfajiri bila kuaga mtu. Buffalo alishuka akiwa Maître, mwanasheria mzima, ndani ya suti ileile. Mabasi yalikuwa yamemchosha, maskini, tumhurumie. Mfukoni alikuwa na dola mia tisa, mali yake yote, na Jumatatu mtu wa Lackawanna, mji wa jirani, angemwachia Toyota kuukuu kwa bei hiyohiyo. Alishaanza kuota hata rangi ya vitambaa vya viti.

"Maître, nisomee," Mama Nzigire akasema. "Hii Kingereza yao inaniumiza kichwa."

Akasoma kwa uso wa msibani. Kampuni fulani ya kukusanya madeni ilidai kodi ya jimbo ya mwaka 2010, dola mia tisa.

"Mwaka ile ulikuwa wapi, mama?"

"Kambini, Burundi. Louisville nilifika nyuma ya miaka tano, 2015."

Chai nusura impalie. Kumbe deni halikuwa lake! Lilikuwa la Nzigire mwingine, huyo naye kaandikiwa kuzaliwa tarehe mosi Januari, kama nusu ya wakimbizi wa kambini, ndiyo maana wakachanganywa. Mtu mwema angemwambia hivyo, akanywa chai yake, akaenda zake.

"Bon, ni mbaya zaidi," akasema Zihindula. "Deni ya serikali haizeeki, mama. Watakata mushahara, watabeba hata kitanda. Donc, niko na mutu ndani ya bureau. Nipe mia ine, cash, atafuta yote."

Mama Nzigire akavuta kopo la sukari. "Haizeeki?"

"Hata kidogo!"

Akamwongezea sukari. "Basi Jumapili kuya kanisani. Kuko wengine wengi wenye barua kama hii."

Zihindula nusura ambusu.

Jumapili, saa ya ushuhuda, Mama Nzigire akashika kipaza sauti. Zihindula alikuwa benchi la mbele, macho yanatafuta bahasha.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Wapendwa, nilikuwa na deni ya kodi, mia tisa. Mungu akanitumia huyu Maître. Akaniambia, mama, usitoe hata senti, mie nitalipa yote, leo, mbele ya kanisa! Maître, simama wakuone!"

Vigelegele! Kinanda kikadakia. Wamama wa kwaya wakamzunguka wakipunga vitambaa, wakamsukuma mpaka mbele, na mchungaji akamwekea mkono kichwani. Zihindula akafungua mdomo akane. Lahaula, akaziona bahasha mapajani mwa watu, kumi na kitu, na kila moja ni mia nne. Tamaa ikapiga hesabu kabla ya akili. Akatoa mia tisa zake, akamkabidhi Mama Nzigire, akatabasamu, akasema amina.

Baada ya ibada akasimama mlangoni kungoja wateja. Wakampa mkono mmoja mmoja, "Ubarikiwe, Maître," wakaingia kwenye magari yao.

"Mama, wale wenye barua?"

"Nimewapa namba ya ile ofisi ya barua, wajipigie. Mie nilipiga zamani, na mukalimani kwenye simu. Nikawatumia karatasi ya siku nilifika Amerika. Wakajibu: samahani, hatukutafuta wewe. Ile barua niliiweka pale nikupime tu."

"Basi nirudishie franga zangu!"

"Zako? Précieuse wa Louisville ni mutoto wa dada yangu, Ingénieur. Ulimukula mia nane, alikuwa anazichanga ili mama yake aje. Alinipigia akilia, akanirudilia maneno yako: deni ya serikali haizeeki. Ulipoyasema jikoni kwangu, nikakujua."

"Mia nane! Hizi ni mia tisa!"

"Ile mia ni riba. Serikali haitozi riba?"

Zihindula akapapasa mfuko mtupu. Toyota ndiyo hiyo imekwenda. Mwishowe akanong'ona, "Mama, hata nauli ya basi sina."

Mama Nzigire akachomoa hamsini kwenye zilezile mia tisa, na maandazi ndani ya karatasi ya foili.

"Shika, mwanangu, usife njaa njiani. Lakini hii nakukopesha, unasikia? Ni deni. Na deni..."

"Haizeeki," Zihindula akajibu, kwa sauti ndogo sana.