Mkia wa Panya wa Mwisho

Jumatatu, 3 Juni
Alhamisi profesa anakuja makumbusho kumwona panya wetu wa jangwani, yule aliyekaushwa zamani akawekwa kabatini. Wenzake wametoweka duniani, kabaki yeye tu. Tena ana vumbi! Mkurugenzi kasema atakayemridhisha profesa atakabidhiwa funguo za kumbi zote. Atakayemuudhi, kazi hana. Miwani, mfanyakazi mwenzangu, akasema panya asiguswe. Wivu tu. Nikampitishia brashi kidogo. Mkia ukang'oka. Mama yangu wee!

Jumanne, 4 Juni
Usingizi sikuupata. Mkia niliuficha mfukoni mwa koti, niubandike leo mapema. Kuamka, koti limo kwenye beseni! Mke wangu kasema kakuta takataka yenye manyoya, kaitupa chooni, na baba watoto mzima nisitembee na uchafu mfukoni. Nilitamani kulia. Nimetengeneza mkia mwingine kwa waya, gundi na brashi yangu ya kunyolea ndevu. Ukisimama mbali, hujui. Mbali sana.

Alhamisi, 6 Juni
Profesa hakusimama mbali. Aliomba unywele mmoja wa mkia, aupeleke maabara. Nikamwambia nitaung'oa mwenyewe, kazi hiyo ina ufundi. Nikajifanya nafuata koleo stoo. Mtegoni mlikuwa na panya wa kawaida, nikamnyofoa unywele. Panya ni panya, nani atajua? Miwani alinitazama tu. Mtu huyu ananinyima raha.

Jumatano, 12 Juni
Yamenifika. Profesa kasema, kwa upole kabisa, kwamba unywele ni wa panya wa stoo, na mkia unanukia sabuni ya ndevu. Mkurugenzi akauliza mkia wenyewe uko wapi. Nikasema ukweli: chooni. Profesa akaketi, akafunika uso kwa mikono. Aibu niliyoona, afadhali ningepigwa. Mkurugenzi akataka kunifukuza, Miwani akaniombea msamaha. Miwani! Funguo kapewa yeye. Mimi nimehamishiwa ukumbi wa ndege, nifagie tu, nisiguse kitu.

Ijumaa, 14 Juni
Humu mna ndege mmoja, naye wa mwisho wa aina yake. Maskini, mdomo unalegea. Ukidondoka, si nitasingiziwa mimi? Gundi ninayo bado. Kosa la safari ile nimeshaligundua: ni koti. Hili la leo halina mifuko.