Wimbo Wangu wa Kumi Umebaki Dabola

Jumatatu, 2 Februari 2009

Zamu yangu imefika! Miaka tisa nimeingoja. Jumapili ijayo, saa kumi alasiri, Chama cha Santuri cha mtaa wetu wa Medina kitasikiliza nyimbo zangu kumi za maisha.

Kila mwanachama hupewa siku moja tu. Analeta santuri zake, zinapigwa, kisha kumi hizo zinaandikwa katika daftari la buluu. Siku akifa, wenzake hukusanyika na kuzipiga zote, wa kwanza hadi wa kumi, na hakuna anayeruhusiwa kusema neno. Nimehudhuria mara sita. Gorgui fundi cherehani aligombana na Dakar nzima, kumbe nyimbo saba kati ya kumi zake zilikuwa za kubembelezea watoto. Tangu siku ile najiuliza kila mtu ninayepishana naye barabarani ameficha nini.

Mimi sina mtoto katika mji huu. Mke wangu yuko makaburini. Nilikotoka, Guinea, walionijua wamekwisha. Kwa hiyo nyimbo hizo kumi ndizo zitakazobaki kuwa mimi. Tisa ninazo.

Wa kumi hauko. Niliusikia mara moja tu, Novemba 1964, ukumbi wa vijana wa Dabola, huko Guinea, ukipigwa na orkestra ya wilaya. Nilisimama karibu na dirisha la tatu. Ulichukua kama dakika nne. Kulikuwa na tarumbeta iliyoingia kwa kuchelewa, kama mtu anayeomba radhi mlangoni. Miezi miwili baadaye nilikimbia nchi nikiwa juu ya lori la mkaa. Nilirudi mara moja, mwaka 1986. Ukumbi umekuwa ghala la mbolea. Nikauliza, hakuna aliyeukumbuka. Orkestra ile haikuwahi kurekodi chochote.

Na kanuni ya chama ni kali: kisichosikika hakiandikwi.

Nikaenda kwa katibu, Mapathé Ndiaye, mstaafu wa posta, mwenye santuri elfu moja na mia moja na kiburi cha elfu mbili. Nikamwomba anilegezee. Nikamwimbia kidogo kwa mdomo. Akasikiliza, akafumba macho, akasema wimbo huo anao nyumbani, chini ya kitanda, tangu mimi sijajua kuvaa viatu. Eti niende nikamfagilie uani, mtumwa wake mimi, ndipo anipigie.

Uongo wa akina Ndiaye! Hapa Senegal sisi akina Traoré tunahesabiwa sawa na akina Diop, na Diop na Ndiaye ni watani toka enzi za mababu, kila mmoja humwita mwenzake mtumwa na mlafi wa wali. Miaka ishirini na miwili tumetukanana kila siku bila hata neno moja la kweli. Nikamwambia nitafagia siku Ndiaye atakaposhiba wali. Nikaondoka.

Jumatano, 4 Februari

Mpango wa kwanza: shahidi. Kanuni haikatazi mashahidi. Nimeisoma mara tatu. Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo kusoma najua.

Nimempata Alfa Oumar, muuza mkaa wa mtaa wa pili. Naye Mguinea. Nimemwandikia barua nzuri sana ya kumwomba mwenye nyumba amtengenezee choo. Kwa malipo, kesho ataapa mbele ya chama kwamba alicheza wimbo ule Dabola. Nimemfundisha: ukumbi, dirisha, tarumbeta iliyochelewa. Mtu mwepesi kuelewa.

Jioni nikakutana na Mapathé msikitini, akiwa anatafuta kiatu chake cha kushoto. Akanong'ona kwamba wimbo wangu si wa Dabola hata kidogo, ni wa Saint-Louis, mji wake, na kwamba ameshaufuta vumbi. Nikamwambia Saint-Louis haijawahi kutoa kitu isipokuwa mbu. Tukacheka. Lazima nikiri kwamba anautunga uongo wake kwa ustadi. Mji, kitanda, vumbi! Mtu mwingine angeamini.

Alhamisi, 5 Februari

Aibu.

Tulikuwa kwenye chai, mbele ya duka la mzee Seck, mwenyekiti wetu, ambaye sikio lake la kulia lilikwisha kustaafu. Wanachama watano walikuwapo. Alfa Oumar akaja na kofia safi. Akaapa vizuri. Akaeleza dirisha. Akaeleza tarumbeta. Nikaona mzee Seck anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ndipo Mapathé akamuuliza, kwa upole mno, amezaliwa mwaka gani.

Elfu moja mia tisa sabini na nne, akajibu yule mjinga. Tena kwa fahari!

Wakacheka mpaka birika likamwagika. Mapathé akapiga magoti kwa kicheko, akaniita Diop mla wali wa jirani, Diop mwenye kuzaa mashahidi kabla ya mama zao. Mzee Seck akataka kurudiwa, akarudiwa sikio la kushoto, akaanza kucheka wakati wengine wamemaliza.

Kisha Mapathé akajifuta machozi, akasema mbele ya wote: "Sikilizeni, bwana. Wimbo ninao. Aje nyumbani kesho, nitampigia, na wala hatafagia." Alisema bila kucheka. Hiyo ndiyo mbinu yao ya hatari zaidi akina Ndiaye, utani wa uso mkavu. Walitaka niende nibishe hodi, kisha dirisha lifunguliwe nimwagiwe maji. Mwaka 2003 nilimfanyia yeye hivyo hivyo.

Siendi ng'o.

Ijumaa, 6 Februari

Mpango wa pili. Huu ni wa mtu mwenye akili.

Ikiwa santuri haipo, nitaitengeneza. Boubacar anapiga gitaa katika hoteli moja ufukweni, ana zaidi ya miaka hamsini na vidole vya adabu. Nikamwimbia. Akakamata sauti ya chini, kisha ya juu, akaniuliza tarumbeta itaingia wapi. Nikamwambia: wakati umeshakata tamaa. Akatabasamu, akaipiga kwa kamba ile nyembamba kabisa. Ilibidi nigeuze uso nitazame ukuta.

Lakini ilisikika mpya mno. Safi mno. Wimbo wa mwaka 1964 lazima uwe na mikwaruzo. Nikafikiri. Mama Soukeyna, mwenye nyumba wangu, hukaanga samaki uani kila Ijumaa. Mafuta yakitatarika, ukiwa mbali kidogo, ni sindano kwenye santuri kuukuu! Nilifanya majaribio mara tatu. Hatua nne kutoka kwenye karai, mikwaruzo ya kawaida. Hatua mbili, santuri iliyokanyagwa na ng'ombe.

Tukakaa hatua nne. Nikabonyeza redio ya kaseti. Mama Soukeyna akauliza tunamkaangia nani muziki. Nikamwomba asiseme, ageuze samaki taratibu. Akasema nyumba ni yake, karai ni lake, na samaki nao wana haraka zao. Lakini akanyamaza. Dakika nne kamili!

Nitasema kaseti ilinakiliwa kutoka redio ya Conakry. Nani atabisha?

Jumamosi, 7 Februari

Jambo la ajabu. Nimesikiliza kaseti asubuhi. Gitaa zuri. Mafuta mazuri. Lakini katikati, chini kwa chini, kuna sauti ya mwanamke anayeimba. Ina maneno!

Wimbo ule Dabola haukuwa na maneno. Au ulikuwa nayo, sikuyasikia? Miaka arobaini na minne nimeubeba bila neno hata moja.

Nikamwendea Mama Soukeyna. Alikuwa anachambua mchele. Nikamuuliza alikuwa anaimba nini jana. Akasema hakuimba, mdomo wake ulijiendea wenyewe. Maneno kayatoa wapi? Akanitazama kama mgonjwa. Akasema nani asiyeyajua hayo, mama yake alikuwa akiyaimba akifua nguo kule Saint-Louis, yeye bado mtoto. Yanamhusu mtu anayengojwa na chakula kinapoa.

Nikarudi chumbani nikalifikiria jambo hili kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikikagua ukurasa wenye kosa. Maelezo ni mepesi. Nimepanga hapa miaka ishirini na miwili, na ninapooga huwa ninavumisha wimbo huu. Ameuokota bafuni kwangu, akaubandika maneno, akamsingizia mama yake. Wanawake wa Saint-Louis hudai kila kitu ni chao.

Hata hivyo sauti yake inakaa vizuri mle. Nimeiacha.

Jumapili, 8 Februari

Nitafuata mpangilio.

Saa kumi. Wanachama kumi na mmoja, kila mmoja na kofia yake ya heshima. Nyimbo zangu tisa zikapigwa. Hakuna aliyekohoa. Wa nne ulipokwisha, mzee Seck alinigusa goti, akasema hakujua kwamba nami niliwahi kupenda.

Nikatoa kaseti. Nikasema niliyopanga kusema kuhusu redio ya Conakry. Ikapigwa.

Ikaenda nusu dakika. Kisha mzee Seck akainua mkono, akauliza kwa sauti ya mwenyekiti: "Huyo ni changu au ni kibua?" Wakaanza kubishana. Mmoja akasema mafuta ya changu hayatatariki hivyo. Mwingine akasema amesikia wazi samaki akigeuzwa, tena kageuzwa mapema, atakuwa mbichi ndani. Mmoja aliitambua sauti ya Mama Soukeyna na kumsifu. Hata sikio bovu la mwenyekiti lilikuwa linacheka.

Nikatazama sakafu. Mwanamume wa miaka sabini. Nyimbo tisa. Nikawaona siku yangu itakapofika, wanapiga tisa, kisha wanatazamana.

Nilipoinua macho, Mapathé hakuwepo. Nikajua amekwenda kuleta barua ya kunifukuza.

Akarudi baada ya robo saa, anahema, amekumbatia foronya ya mto. Ndani mna santuri. Akasimama mbele yangu, hakuniita Diop. Aliniita Lanciné, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, nikaogopa. "Lanciné, nilikwambia Jumatatu. Nikakwambia Jumatano. Alhamisi nikakwambia mbele za watu. Ulitaka niape kwa nani?"

Nikamjibu kweli: angekuwa mtu baki, ningemwamini mara ya kwanza.

Akaweka sindano.

Ulikuwa wenyewe. Nilishika kiti. Sauti ya chini, ya juu, kisha ile nafasi tupu, halafu tarumbeta, imechelewa, inaomba radhi. Na mtu anaimba maneno ya Mama Soukeyna, chakula kinapoa, chakula kinapoa. Dirisha la tatu lilikuwa na kioo kilichopasuka pembeni. Nilikuwa nimekisahau. Ndugu yangu Mory alikuwa amekaa chini yake anakula karanga. Nilikuwa nimemsahau Mory katika picha ile! Dakika tatu na sekunde hamsini.

Mapathé akanipa leso, akasema ioshwe kabla ya kurudishwa.

Lebo inasema: bendi ya Saint-Louis, mwaka 1957. Mpiga tarumbeta wa Dabola, Fodé, alikuwa askari. Nakumbuka sasa. Alirudi kutoka jeshini mwaka 1959, na kambi yake ilikuwa Saint-Louis.

Mapathé akafungua daftari la buluu, akaandika wa kumi. Nikachungulia. Kaandika Saint-Louis! Nikamwambia aandike Dabola. Akasema anaandika kilicho kwenye lebo, kanuni ni kanuni. Nikamwambia tarumbeta hii inawahi kidogo ikilinganishwa na ya Fodé, kwa hiyo hawa ndio walioiga, tena vibaya. Akasema walioiga waliiga miaka saba kabla? Nikamwambia ndiyo, watu wa Saint-Louis wana haraka.

Kisha nikatumia haki yangu. Mtani akichukua kitu chako mbele za watu, huwezi kukasirika. Nikaitia santuri ndani ya foronya nikaenda nayo nyumbani. Walishangilia. Mapathé akapiga kelele kwamba ataifuata Jumanne baada ya sala ya alasiri, aje na polisi wa kula wali.

Jumanne, 10 Februari

Nimeupiga mara kumi na tisa. Mama Soukeyna ameimba mara kumi na nne, mara tano alikuwa sokoni.

Sasa nimetulia, naona mambo kwa usahihi. Tatizo zima ni lebo. Daftari linafuata lebo. Basi asubuhi nikaitia lebo maji ya uvuguvugu, kwa kitambaa, pole pole, nikiwa na nia ya kuiinua ukingo mmoja tu. Ikatoka yote. Kisha ikawa uji.

Santuri haijadhurika. Ni nyeusi, nzuri, na katikati haisemi chochote. Haina mji wala mwaka.

Nina wino, nina karatasi ya manjano, na mkono wangu wa kiwandani haujaharibika. Nimekata duara safi. Nimeandika kwa herufi za chapa, bila kosa hata moja: Orkestra ya Wilaya ya Dabola, 1956. Mwaka mmoja kabla ya wale. Ni kweli mwaka 1956 orkestra haikuwa imeundwa, wilaya haikuwapo, na Fodé alikuwa bado jeshini hajashika tarumbeta. Ni dosari ndogo.

Gundi inakauka. Mapathé anabisha hodi. Anasema ninaweza kubaki nayo, ananipa kwa moyo mmoja, bure, kabisa.

Akina Ndiaye bwana! Nimemwambia angoje hapo hapo mlangoni, nikaenda kujaza ndoo ya maji.