Nisizime Masini ya Kakule

Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025
Courant, umeme, ilikatika, ikarudi kwa nguvu, ikaua écran yangu, kioo ya kuonea. Masini yenyewe, kompyuta, iko hai, betri yake iliisaidia. Lakini ni kipofu.
Nisizime, haitafunguka tena. Neno ya kuifungua iko kwa kichwa ya bwana yangu Kakule, na Kakule iko Goma. Alienda kuchukua maharagi, mji ukaanguka kwa mikono ya waasi, njia zote zikafunga. Simu yangu, mutoto wetu Bénit aliiogesha ndani ya beseni. Kakule akiniandikia, ni kwa masini tu.
Saa tisa masini ilifanya ting. Ujumbe. Nikaangalia écran nyeusi. Niliona uso wangu.

Jumanne, tarehe 4
Nimepata akili. Ma Germaine, ngambo ya barabara, sawa vile mimi, anaandikaka kazi za wanafunzi kwa masini, na iko na écran mbili. Nilimwambia yangu nimeituma kusafishwa. Akauliza, na bwana? Nikasema iko Kilwa, kwa ziwa, anachukua samaki. Huruma ya Ma Germaine inazungukaka mtaa muzima mbele ya saa sita.
Akanipa, akasema niichunge, isizoee umaskini.
Nimechomeka. Écran inasema hakuna signal. Nikachomoa, nikapuliza, nikasali Baba Yetu, nikachomeka. Hakuna signal.
Ting.

Jumatano, tarehe 5
Gérard, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kasapa anayetengenezaka masini, amekuja. Anasema ndani kuna pilote, programu ya kuongoza picha. Ya kwangu imezeeka. Inaangalia nani iko kwa mulango wakati masini inawaka, kisha inafunga macho. Mugeni wa nyuma, sawa hii écran, haimuone. Dawa ni kuzima na kuwasha.
Nilimwambia akigusa kibonye cha kuzima nitamuuma. Akasema pole, Mama Bénit, kuna njia ingine: vibonye vine kwa mara moja, pilote inaamka. Mara zingine inakubali, mara zingine hapana. Akaviandika kwa karatasi, akaenda darasani.
Nilifinya. Bénit, mugongoni, akatoa mukono, akafinya vilivyobaki. Imprimante ikatoa kurasa kumi na mbili juu ya magonjwa ya kuku, kazi ya mwanafunzi mumoja.

Alhamisi, tarehe 6
Bénit amelala. Vidole vine. Masini ikalia kidogo, écran ikawaka.
Ujumbe mbili. Wa kwanza, mutu anauzisha viatu. Wa pili ni yeye. Iko muzima. Analala kwa parokia na batu mia, ameandika kwa simu ya padri. Anauliza kama mutoto amesimama. Anasema neno ya kufungua masini ni Kahambu.
Jina langu. Miaka mbili anaiandika kila asubuhi, mimi nikifikiri ni timu ya mupira.
Nimelia. Nimejibu: amesimama, hatua tatu.

Ijumaa, tarehe 7
Ma Germaine anataka écran yake leo. Gérard ameniazima ingine, nzee. Akarudilia: mama, zima kwanza, badilisha, washa. Neno ya kufungua unayo sasa.
Ninayo. Lakini ni dakika tano. Na Kakule akiandika ndani ya hizo dakika tano? Gérard anasema ujumbe unangojaka. Gérard hana bwana Goma.
Nimechomoa bila kuzima, nimechomeka. Hakuna signal. Vidole vine, mara tisa. Hakuna.
Ting.
Kesho asubuhi naenda kwa Ma Germaine kuomba tena ile écran. Kuzima, sitazima.