Mkanda Mweusi Kutoka Kwenye Belo

Jumatatu, 14 Agosti 1995

Daftari, salamu nyingi. Sijui kuandika bila kusalimu. Mimi sijambo. Baba Salwa hajambo, ila mgongo. Salwa hajambo, yuko darasa la saba. Mama mkwe, Bi Twahira, hajambo na anadai shikamoo yake hata kwako. Kuku wanne hawajambo. Wa tano kaliwa na kicheche. Baada ya salamu: hatari.

Lesikar, yule kijana anayeshinda darajani bila kazi, kamvuta Salwa begi tena akitoka shule. Baba Salwa kasema ikirudia, mtoto anapelekwa Kondoa kwa shangazi yake, shule basi. Na mtihani unakuja! Sikula. Nilionja tu, mara sita.

Mwalimu Nathanael, wa karate pale ukumbi wa Kimandolu, alishaniomba nimpe Salwa amfundishe. Nilikataa. Binti arushe miguu, nani atamwoa? Salwa akaendelea kuosha vyombo. Mtoto ana adabu. Jumanne na Alhamisi anakwenda tuisheni, wala hasukumwi.

Jumanne, 15

Nimefungua belo la mitumba sokoni. Makoti, makoti, soksi moja, halafu mkanda mweusi wa karate! Silantoi wa meza ya jirani akauliza ni wa kufungia mzigo gani. Nikamwambia nilisomea zamani. Akacheka mpaka akaketi juu ya makoti yangu. Wivu.

Mpango: nitamsindikiza Salwa nimeufunga juu ya kanga.

Jumatano, 16

Umefaulu! Lesikar kanipa shikamoo. Nimepita darajani kama askari wa gwaride. Salwa alinifuata hatua ishirini nyuma. Heshima.

Alhamisi, 17

Balaa. Silantoi kapeleka maneno. Mwalimu Nathanael kaja sokoni, kainama mbele yangu. Nikadhani kaangusha kitu, nikainama kumsaidia kutafuta. Watu wakapiga makofi. Kasema ndiyo maana Salwa ana kipaji. Sikuelewa kipaji gani. Anataka Jumamosi niwaonyeshe wanafunzi wake mateke. Nikasema mguu unauma. Akasema basi teke moja, la mguu mzima. Soko lote linasikiliza. Nikakubali.

Jumamosi, 19

Nimepiga teke. Kandambili ikaenda dirishani, mimi nikaenda upande wa pili. Mkanda niliufunga fundo la kubebea mtoto, likafunguka, kanga nayo ikaanza kuaga. Silantoi alicheka hadi machozi. Kandambili nilirudishiwa na mtu aliyekuwa akichungulia kutoka nje. Lesikar. Safari hii hakutoa shikamoo.

Jumatatu, 21

Asubuhi, darajani. Mkanda kiunoni, roho juu. Lesikar katuzibia njia, kamshika Salwa mkono, kauliza leo bibi karate atarusha kiatu cha mguu gani. Nikakaza fundo la mkanda. Kondoa ikanijia machoni.

Salwa akanigeukia, mtulivu kama anaomba chumvi.

"Mama, nishikie begi."

Sikuona vizuri. Kiuno kiligeuka, Lesikar akapita juu, akatua chali vumbini. Akampa Salwa shikamoo.

Baba Salwa kasikia. Kondoa haitajwi tena. Salwa anasema kuna jambo la tuisheni anataka kuniambia. Nikamwambia asome kwanza, mimi najua kilichotokea: nilisimama naye karibu, nguvu ya mkanda ikamwingia.

Nimemwandikia kaka yangu Shomari, Dar. Salamu kwa wote hapo, sisi wazima. Nasikia upo mkanda mwekundu, mkubwa kuliko mweusi. Nitafutie kwenye mitumba ya huko. Nijibu upesi, kaka, Silantoi naye anafungua belo Ijumaa.